Mjane na Samaki wa Pilipili

Mtu akila mbele yangu mara mbili, nimeshamjua. Jina lake sina haja nalo, namjua tabia. Nimekaa kwenye kaunta hii ya Tangra, mtaa wetu Wachina, tangu viwanda vya ngozi vilipohamishwa, sisi tukapanga meza pale palipokuwa na mapipa ya kulowekea ngozi za ng'ombe. Nimeona wanaokula kwa raha, wanaokula kwa hasira, na wanaoagiza tambi sahani moja wakaila watu wanne huku wananisifia taa zangu nyekundu. Lakini mtu wa kula kama mwizi nimemwona mmoja tu. Naye alikuwa mama wa heshima zake, mjane wa Kibrahmani kutoka Shyambazar, anaitwa Nirupama.

Alikuwa akija mchana, watu wa ofisini wakishaondoka. Anakaa meza ya kona, mgongo mlangoni, uso ukutani. Sari yake nyeupe, ukingo mwembamba wa kijivu, mikono mitupu bila bangili. Kila anayeingia anajua huyu kafiwa na mume. Anaagiza samaki wa pilipili, mkavu, kitunguu saumu kwa wingi, na wali mweupe pembeni. Sahani ikiwekwa, anaizungushia mkono kama mtoto wa shule anayemficha mwenzake jibu. Akimaliza ananawa kwa sabuni mpaka vidole vinakunjamana, anasukutua kwa maji ya ndimu, anatafuna iliki, anatafuna shamari, halafu anainua ncha ya sari na kuinusa. Shemeji yangu Keng, ambaye ndiye mpishi, alikuwa akimchungulia kwenye kidirisha cha jikoni, akaniuliza siku moja yule mama anamla samaki wetu au anamzika.

Mara ya kwanza aliletwa na mwanawe, Partho, kijana wa benki, mnene, mwenye kupenda chakula na asiyeona haya kusema hivyo. Baba yake alikuwa amekufa wakati wa mvua, na sasa baridi ilikuwa imeanza. Partho akaagiza meza nzima: supu ya mahindi, kuku wa pilipili, tambi, samaki. Mama yake akasema yeye atakunywa supu tu, tena ile isiyo na kuku, na kama kijiko kimegusa kuku basi hata hiyo asiletewe.

Kwa Wabengali wa ukoo kama wake, mwanamke akifiwa na mume, samaki anaondoka sahanini siku hiyo hiyo. Nyama, yai, kitunguu, kitunguu saumu, hata dengu nyekundu, vyote kwaheri. Anapikiwa chungu chake mbali, mwiko uliogusa samaki usikikaribie. Na usisahau hawa ni watu ambao samaki kwao ndicho chakula chenyewe, wali ni wa kumsindikizia tu. Siku hizi wengi wameacha. Wajane wanakuja hapa kwangu, wanaagiza kamba, wanacheka na wajukuu wao, na hakuna anayegeuza shingo. Mimi mwenyewe ni mjane. Mume wangu alizikwa asubuhi, mchana nikala nyama ya nguruwe kwenye karamu ya msiba, kwa sababu kwetu marehemu huagwa hivyo, na nilikula nikashiba.

Basi Partho akamwambia mama yake baba angekuwepo angemlisha kwa mkono wake mwenyewe. Mama akatikisa kichwa. Lakini mimi nilikuwa namwona macho yake. Yalikuwa kwenye sahani ya samaki, hayabanduki. Mdomo wangu haukai, nikaenda nikamwambia, "Dada, hekalu la Kali lile pale kona, sisi Wachina ndio tunaolitunza, na chakula tunachompelekea ni tambi. Mungu wenu anakula kwetu. Wewe nani?"

Akacheka, hakutaka kucheka ila akacheka. Akachukua kipande kimoja, kidogo, akakitia mdomoni haraka. Kisha cha pili. Kisha akavuta sahani. Alikula mpaka akaufuta mchuzi kwa wali, na machozi yanamtoka, yanadondokea humo humo sahanini. Nikadhani anamlilia mumewe. Nikamwonea huruma, nikamwongezea supu ya bure, ambayo siku hizi naijutia kidogo.

Baada ya hapo akawa anakuja peke yake, kwa teksi. Ndipo nikaanza kushangaa. Mwanao amekuruhusu, mumeo hayupo, majirani zako nusu yao wanakula, sasa iliki ya nini? Unamkimbia nani? Siku moja nikavuta kiti nikamuuliza hivyo hivyo, bila kuzunguka. Akaangalia mlangoni kwanza.

"Wifi yangu," akasema. "Shefali. Akijua nimekula, itabidi ajue na mengine."

Na hayo mengine akanieleza, si siku moja. Alikuwa akiyatoa kidogo kidogo, leo ncha, kesho ncha, kila mara samaki wake anapoa. Mimi nayaweka hapa kwa mpangilio, maana yeye hakuwa nao.

Shefali ni dada wa mumewe, mdogo wake wa pekee. Nirupama alipoolewa na kuingia ile nyumba ya Shyambazar, binti mdogo wa miaka kumi na tisa asiyejua hata chumvi inakaa wapi, alimkuta Shefali ndiye jicho la nyumba. Prabir, yaani mume, alimpenda dada yake kupita kiasi. Kwa Wabengali kichwa cha samaki ni heshima, anapewa mtu anayependwa, na Prabir kila mchana alikuwa anakichukua kile kichwa kwa mkono wake na kukiweka kwenye sahani ya Shefali. Hakuwa na ubaya, amezoea tangu utotoni. Bibi harusi amekaa pale na mkia wake. Akaula, kama wanavyofunzwa.

Kisha Shefali akaolewa, akaenda kwa mumewe Krishnanagar, na kichwa cha samaki kikahamia kwa Nirupama. Akaniambia huo ulikuwa mwaka wake mmoja wa raha. Mara mume wa Shefali akashikwa na homa, akafa. Wakwe wakamrudisha msichana wa watu kwa kaka yake na sanduku moja la bati, bangili zimeshavunjwa, nywele zimeshakatwa. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na miwili.

Jioni ile ile Prabir alimwita mkewe pembeni. Akamwambia kesho ampikie Shefali samaki kama kawaida, ni mtoto bado, nani atawaona ndani ya nyumba yao. Nirupama akaitikia, sawa. Usiku hakulala. Alikiona kile kichwa cha samaki kinarudi kule kilikotoka.

Asubuhi akatenga chungu kipya. Akamwambia Shefali, "Kaka yako amesema ufuate mila. Hataki maneno ya watu." Na mchana, mumewe alipouliza mbona Shefali hana samaki, akamwambia, "Amekataa mwenyewe. Usimlazimishe, unamtonesha kidonda."

Basi. Neno moja huku, neno moja kule. Prabir alikuwa mtu wa haya, hakuweza kuzungumza na dada yake mambo ya ujane wake. Shefali alikuwa mtu wa kuumia kimya, hakuweza kumuuliza kaka yake kwa nini. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikwenda miaka arobaini na haikuchoka.

Na kuna habari ya paka. Hii alinieleza akiwa ameshika leso mdomoni. Siku za mwanzo mwanzo zile, kilibaki kipande kimoja cha samaki baada ya watu kula. Shefali alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa jiko anasugua masufuria, na macho yake yakaangukia kile kipande. Alikitazama tu. Nirupama akamwona. Akafikiri, nikimpa atauliza, kaka ameruhusu? Na akiuliza, yote yatafumuka. Akakichukua kile kipande akakitupia kwenye sahani ya paka, palepale mbele yake. Paka akala. Shefali akangoja amalize, akaivuta ile sahani, akaiosha pamoja na vingine.

"Nilimpa paka, Bi Lan," akaniambia. "Paka."

Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa nimekasirika, sikufichi. Mimi si mtu wa dini sana lakini mtu akimnyima mwenzake chakula kwa ajili ya wivu namwona mchafu. Niliinuka nikaenda kupanga chupa za siki ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Halafu nikarudi, maana mama wa watu alikuwa analia mezani kwangu na wateja wanatazama.

Kilichomsumbua zaidi si samaki. Ni kwamba Shefali na kaka yake walikuwa hawajawahi kukaa tena kama zamani. Kuna siku yao Wabengali, baada ya sherehe za Kali, dada humpaka kaka yake alama ya unga wa mti wa sandali kwenye paji la uso ili kifo kimpite mbali. Kila mwaka Shefali alimpaka Prabir, macho yake sakafuni. Kila mwaka. Na Prabir usiku anamuuliza mkewe, mimi nimemkosea nini mdogo wangu? Mke anajibu, ni huzuni ya ujane, muache. Prabir alipokufa, Shefali aliosha sakafu, akawasha ubani, akapika chakula cha waombolezaji, na hakutoa chozi. Majirani wakasema yule mwanamke ana jiwe kifuani. Mwenye kulitia lile jiwe alikuwa amekaa pembeni yao, anafarijiwa.

Nikamwambia akamweleze. Akasema atamweleza nini, na kwa mdomo upi. Nikamwambia kwa mdomo ule ule unaokula samaki. Hakukasirika. Ilikuwa afadhali akasirike.

Sasa sikia kilichofanya mambo yazidi kuwa mabaya. Mumewe alipokufa, Nirupama hakuweza kula samaki nyumbani hata kama mwanawe anamsihi. Angekula vipi? Shefali angemtazama na kuuliza, kumbe inawezekana? Kwa hiyo akaingia kwenye chungu cha Shefali. Na Shefali, unajua alifanya nini? Akafurahi. Miaka yote alikuwa anakula peke yake, ameketi sakafuni karibu na dirisha la uani, baada ya wengine wote kumaliza. Sasa amepata mwenzake. Akaanza kupika kwa mapenzi. Ua la mgomba, ambalo kulichambua ni kazi ya asubuhi nzima na vidole vinakuwa vyeusi, anampikia wifi yake. Siku za mfungo anamkatia papai na kumwekea upande ulioiva. Siku moja akapika fenesi bichi, ambalo wao wanaliita mbuzi wa juu ya mti, akalitia tangawizi na bizari zote za nyama isipokuwa kitunguu saumu, akamsogezea wifi yake sahani.

"Fumba macho, wifi," akamwambia. "Wewe bado mgeni wa mambo haya. Ukifumba macho utadhani nyama. Mimi hivyo ndivyo nilivyojifunza."

Nirupama akafumba macho, akala, na roho inamsuta mpaka tonge halipiti. Kesho yake alikuja hapa, akaagiza samaki wake, akala nusu, akasukuma sahani. Akaniambia, "Ananionea huruma, Bi Lan. Yeye ananionea huruma mimi."

Nikamuuliza sasa kwa nini unakuja. Kama kila tonge linakukwama, kwa nini unapanda teksi kutoka huko kwenu mpaka Tangra kuja kukwamwa. Akafikiri. Akasema samaki anamtaka, hawezi kusema uongo, anamwota. Lakini vilevile hapa ndipo mahali pekee ambapo mtu mmoja anajua yeye ni nani. Nikaona haya, nikamletea ndimu yake.

Uongo wa safari zake ulikuwa daktari wa macho. Leo daktari, wiki ijayo daktari. Nikamwambia kwa daktari huyo ungekuwa umeshaona mpaka China.

Mwaka wa matanga ukaisha. Sherehe za Kali zikaja zikapita, mtaa wetu huu ukajaa fataki, na kesho yake ikawa siku ya kina dada na kaka zao. Siku iliyofuata, mchana, teksi ikasimama mlangoni. Akashuka Nirupama. Nyuma yake akashuka mwanamke mdogo, mwembamba, sari nyeupe pe bila ukingo wowote, nywele fupi za mvi. Sikuhitaji kuambiwa.

Nirupama alikuja moja kwa moja kaunta, uso umemshuka, kama anauliza menyu. Akaninong'oneza haraka haraka. Jana Shefali alisaga sandali kama kila mwaka, akaenda kwenye picha ya Prabir iliyoko ukutani. Akampaka alama kwenye kioo. Na kwa mara ya kwanza akamtazama machoni. Akasema, "Kaka, nimekusamehe."

"Amemsamehe," Nirupama akasema. "Amemsamehe kwa kosa langu. Na leo nimevaa viatu nitoke, akavaa na yeye. Akasema kama unakwenda kwa daktari wa macho, na mimi nina macho."

Walikwenda kwenye meza ile ile ya kona. Shefali akachagua kiti kinachotazama watu. Akatazama taa, akatazama kalenda, akatazama moto unavyoruka kwenye karai la Keng kule dirishani, anatazama kwa raha kabisa kama mtu aliyekuja matembezi. Nikawapelekea maji. Akaniinamia kichwa kwa adabu.

"Bi, samahani," akaniuliza. "Wifi yangu akija hapa hula nini?"

Mimi nina jibu la kila kitu, waulize watu wa Tangra. Siku hiyo nilisimama na jagi mkononi. Nirupama ndiye aliyejibu, anatazama meza.

"Samaki."

"Najua," Shefali akasema.

Nirupama akainua uso.

"Mtu ambaye hajala kitunguu saumu miaka arobaini," Shefali akasema, "anakisikia kikiwa bado kwenye ngazi. Unarudi unanukia iliki kama unatoka harusini, na chini ya iliki kitunguu saumu kinaniita kwa jina. Nimejua tangu siku ya kwanza uliyorudi na Partho."

La kuvunda halina ubani, na mimi pale nilijiona mjinga na ndimu zangu zote.

"Mbona hukusema?" Nirupama akauliza.

"Ningesema, ungeacha kula na mimi. Nimekula na ukuta miaka mingi, wifi. Nikaona heri nile na mtu, hata kama ametoka kula kwingine." Akatabasamu. "Kula samaki wako. Kaka hayupo tena wa kukukataza. Aliyekatazwa ni mimi, na jana nimemsamehe."

Hapo Nirupama alivunjika. Alisema, "Si yeye." Akasema tena, "Si yeye, Shefali. Si kaka yako." Na yote yakatoka, kwa fujo, ya mwisho mbele na ya mbele mwisho: kichwa cha samaki, chungu kipya, neno alilomwambia huyu na neno alilomwambia yule, Prabir akiuliza kila mwaka amekosa nini. Alitaja na paka. Mimi nilikuwa sijamimina maji wala sijaondoka, na jagi lilikuwa zito.

Shefali hakumkatiza. Alipomaliza, nikasikia karai la Keng.

"Sema tena alivyosema," Shefali akasema. "Maneno yake mwenyewe. Usiongeze, usipunguze."

"Alisema, kesho mpikie Shefali samaki. Ni mtoto bado."

"Alisema lini?"

"Jioni ile uliyofika."

"Ni mtoto bado," Shefali akarudia, polepole. Akarudia tena. Kisha akaanza kulia. Hakufunika uso wala hakuinama. Alilia ameketi wima, kwa sauti, kilio kile cha mazishini ambacho majirani walikingoja wakakikosa. Anaita, kaka, kaka yangu. Watu kwenye meza nyingine wakaweka uma chini. Nirupama akanyoosha mkono amguse, na Shefali akauondoa wa kwake, akauweka mapajani.

Sijui alilia muda gani. Keng alitoka jikoni, akatazama, akarudi. Mwishowe Shefali akajifuta kwa ncha ya sari, akanigeukia.

"Bi, niletee samaki."

Nirupama akasema wifi, tumbo lako halitaweza, miaka mingi, utaumwa. Alikuwa anasema kweli. Shefali alikuwa ananitazama mimi.

"Kaka amesema nile," akaniambia.

Nikaenda jikoni mwenyewe. Nikamwambia Keng apunguze pilipili, apunguze kitunguu saumu, atie tangawizi, achague minofu ya katikati. Keng ni mtu wa maneno machafu lakini siku hiyo alipika kimya, kipande kwa kipande, kama anampikia mama yake. Nikaweka sinia la samaki katikati, na kwa mazoea nikaweka sahani mbili, moja huku moja huku.

Shefali akachukua kipande kwa vidole. Vidole vikakipapasa kwanza, vinatafuta miiba. Mkono haukuwa umesahau. Samaki wetu hana miiba. Akakitia mdomoni, akafumba macho, halafu akayafumbua, akala macho wazi. Alitafuna kwa muda mrefu sana. Pilipili ikampalia, akakohoa, machozi yakamtoka mapya, nikampa maji. Akachukua cha pili. Sikuona raha usoni mwake, wala sikuona chuki. Alikula kama mtoto aliyeambiwa na mkubwa wake, kula, umalize.

Sahani ya Nirupama ilikuwa tupu. Hakuna aliyempakulia na yeye hakuthubutu kujipakulia. Amekaa, mikono kwenye ukingo wa meza, anatazama kila tonge la wifi yake linavyokwenda. Mimi nilishamwona mara nyingi akila samaki yule kwa uroho, lakini sijawahi kumwona akimtazama hivyo.

Kikabaki kipande kimoja. Shefali akaacha kula, akanawa vidole kwenye bakuli la ndimu. Nirupama akakitazama kile kipande, akamtazama wifi yake. Sidhani ilikuwa njaa. Kule kwao na hata kwetu, watu wakigombana wakala sahani moja, basi yamekwisha. Mkono wake ukatoka taratibu, ukavuka nusu ya meza.

Shefali akaweka kiganja chake juu ya sinia.

"Hapana, wifi," akasema, kwa upole, kama alivyomwambia afumbe macho ale fenesi. "Hiki cha paka."

Mkono wa Nirupama ukabaki pale pale mezani, hauendi wala haurudi. Nikaondoa sinia. Nikakifunga kile kipande kwenye boksi, nikalifunga kamba mara mbili ingawa halikuhitaji, nikawapelekea. Shefali akasimama, akaniinamia kichwa, akaniambia mpishi ana mkono mzuri. Boksi hakuligusa. Alimwachia Nirupama alibebe.